Bei ya Serikali: Stori ya Gunia la Kilo 90

Kwetu Trans Nzoia kuna maneno matatu ambayo mtoto huyajua kabla hajajua kuandika jina lake vizuri: bei ya serikali. Huanza kusikika Oktoba, mahindi yakiwa yamekauka shambani yakingoja kukatwa. Kwa kinyozi, kwenye posho mill, ndani ya matatu ya kwenda Kitale, swali ni lile lile. Imetoka? Bado. Wanasema ngapi? Hakuna anayeuliza ni bei ya nini.

Wacha nimweleze mtu aliyezaliwa Umoja au Nyali, ambaye mahindi huyaona kando ya barabara yakichomwa na kupakwa ndimu na pilipili. Kenya gunia la mahindi lina bei mbili. Ya kwanza ni ya soko, ile broka anakutajia akiwa amesimama kwenye geti lako na mizani yake. Ya pili hutangazwa na serikali, kisha Bodi ya Taifa ya Nafaka na Mazao, NCPB, hununua kwa bei hiyo ili kujaza ghala la akiba ya taifa. Mara nyingi ya pili huwa juu ya ya kwanza. Tofauti hulipwa na ushuru, ikiwemo VAT uliyokatwa juzi ukinunua bando.

Nimechoka kusikia stori hii ikisimuliwa kana kwamba ilianza na serikali ya sasa au ile iliyotangulia. Kila upande wa siasa una waziri wake wa kulaumu. Lakini bei ya serikali ni mzee kuliko bendera yetu. Kuna watu waliitengeneza, na kuna watu walitengenezewa. Ukiwajua, unaelewa kwa nini hadi leo haimfikii mwenye ekari moja.

Mahindi ya London

Wazee wa wazee wetu hawakula ugali mweupe. Walikula wimbi, mtama na viazi. Mahindi yalitoka Amerika yakaletwa pwani na Wareno, na kwa miaka mingi yakabaki zao moja kati ya mengi, ya rangi tofauti tofauti. Huu ugali mweupe tunaouita chakula cha asili ulishika nchi miaka kama 100 hivi iliyopita, na walioupa nguvu walikuwa wafanyabiashara.

Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, mwaka wa 1919, serikali ya kikoloni ilianza mpango wa kuwapa ardhi wanajeshi Waingereza waliotoka vitani. Sehemu ya ardhi hiyo ilikuwa Trans Nzoia, malisho ya Wasabaoti, Wapokoti na wengine, ambayo sasa ilikatwa kuwa mashamba ya mamia ya ekari. Walowezi walihitaji zao lisilohitaji mtaji mkubwa. Wakapanda mahindi. Reli ikafika Eldoret mwaka wa 1924 na Kitale mwaka wa 1926, na nauli ya mahindi yanayouzwa nje ikawekwa chini makusudi ili yafike Mombasa bila kumla mwenyewe. Huko Uingereza viwanda vya wanga vilipenda mahindi meupe. Ndiyo maana shamba likawa jeupe.

Mahindi yaliyobaki yalikuwa na mlaji mwingine: kibarua. Mfanyakazi wa shamba, wa reli au wa mjini alipewa kipimo cha unga kama sehemu ya malipo yake. Kipimo hicho kiliitwa posho. Mshahara ukawa mdogo kwa sababu tumbo limeshahesabiwa. Kwa hivyo ukiona kibao cha posho mill mtaani kwenu, hilo ni neno la karatasi ya mshahara ya kikoloni, limebandikwa ukutani hadi leo.

Halafu ikaja 1929. Uchumi wa dunia ukaporomoka, bei ya mahindi London ikaanguka nao. Walowezi waliofungua mashamba kwa mikopo wakaanza kuzama, na kilio chao tunakijua vizuri siku hizi: serikali saidia. Serikali ikasaidia. Ikatoa ruzuku na mikopo ya dharura, na mwaka wa 1931 ikaanzisha Benki ya Ardhi. Bei ilikuwa imemwangukia pia mkulima wa Nyanza na wa Kavirondo Kaskazini, ila yeye hakuwa na hati ya kuipelekea benki. Hapo ndipo wazo lilipozaliwa: kwamba mahindi ya watu fulani ni mali ya taifa, na yakianguka bei taifa linapaswa kuyainua.

1942

Vita vya Pili viliigeuza huruma hiyo kuwa sheria. Uingereza ilitaka chakula cha majeshi yake, na mwaka wa 1942 serikali ya kikoloni ikatunga kanuni za kuongeza mazao. Mlowezi akapata bei ya uhakika, iliyotangazwa mapema. Akapata ruzuku ya kufungua ardhi mpya. Akahakikishiwa pia kiwango cha chini cha mapato kwa kila ekari, mvua inyeshe isinyeshe. Mwaka huo huo ikaundwa idara ya kudhibiti mahindi, mnunuzi mmoja wa nchi nzima, na wakala wake mkuu akawa KFA, chama cha wakulima walowezi kilichokuwepo tangu 1923.

Mkulima Mwafrika pia alilazimika kumuuzia mnunuzi huyo. Ila alilipwa bei ya chini. Mahindi ni yale yale na gunia ni lile lile, lakini yake yalikatwa gharama za njiani, na sehemu nyingine ikakatwa kuwekwa kwenye mifuko ya kuboresha kilimo cha wenyeji. Yaani pesa yake ilishikwa na mtu mwingine kwa faida yake. Wengi waliona hesabu hiyo haiingii, wakauza gizani.

Mvua ikakosa kunyesha. Mwaka wa 1943 njaa ikapiga nchi ambayo ilikuwa imetoka tu kutunga sheria ya kuongeza chakula, na tume ikaundwa kuchunguza upungufu huo. Kumbuka mpangilio huu, maana utauona tena: bei ya serikali, mnunuzi mmoja, soko la gizani, uhaba, tume.

Bodi hubadilisha jina

Vita viliisha lakini mashine ilibaki. Mwaka wa 1959 ikaitwa Bodi ya Masoko ya Mahindi. Mwaka wa 1966 ikaunganishwa na nyingine ikawa Bodi ya Mahindi na Mazao. Mwaka wa 1979 ikaungana na Bodi ya Ngano, ikawa NCPB tunayoijua. Rangi ya ngozi ya wanaoiendesha ilibadilika. Muundo wake haukubadilika sana: bei moja kwa nchi nzima, depo kubwa kandokando ya reli na barabara kuu, na ruhusa ya maandishi ukitaka kuvusha zaidi ya magunia machache kutoka wilaya moja hadi nyingine.

Tazama depo zenyewe zilipojengwa: Kitale, Eldoret, Moi's Bridge, ambayo zamani iliitwa Hoey's Bridge. Hiyo ni ramani ya mashamba makubwa. Uhuru ulipofika mashamba hayo yalipata wenyewe wapya. Mengine yaligawanywa vipande kwa familia za walalahoi, mengine yakanunuliwa na vikundi na ushirika, na mengine yakabaki mazima mikononi mwa wakubwa wa serikali mpya na mashirika yake. Mtunga sera sasa alikuwa pia mkulima wa mahindi. Ikiwa anayepanga bei ana ekari 500 za mahindi, huhitaji digrii kukisia bei itaelekea wapi.

Haki yao tuwape. Kipindi hicho kilikuwa na maajabu yake. Mwaka wa 1964 kituo cha utafiti cha Kitale kilitoa mbegu chotara ya H611, iliyotokana na mahindi ya hapa na mengine ya Ecuador, na Kenya Seed ikaisambaza. Safari hii wakulima wadogo nao waliikimbilia, na wengi walivuna kuliko wazazi wao walivyowahi kuota. Kwa miaka kadhaa ilionekana kama bei ya uhakika na mbegu nzuri zingetosha.

Lakini uhaba ulirudi mapema sana. Mwaka wa 1965, baada ya ukame, nchi ilikula mahindi ya njano kutoka Marekani, na minong'ono ikaanza kwamba kuna wakubwa waliokuwa wakipita pembeni ya Bodi. Mwaka wa 1966 tume iliyoongozwa na Chanan Singh ikachunguza. Paul Ngei, waziri wa ushirika na masoko, alisimamishwa wakati wa uchunguzi, kisha akarudi kwenye baraza la mawaziri. Kenya huru ilikuwa na umri wa miaka mitatu na tayari ilikuwa na kashfa yake ya kwanza ya mahindi. Nyingine zilifuata. Mwaka wa 2009 waziri wa kilimo wa wakati huo aliponea kura ya kutokuwa na imani bungeni, tena kwa sababu ya mahindi ya akiba.

Kufikia miaka ya 80 Bodi ilikuwa mzigo mkubwa kwa hazina. Wafadhili wakashikilia soko lifunguliwe, na mwishoni mwa 1993 vizuizi vya kusafirisha mahindi vikaondolewa. Kuanzia hapo yeyote angeweza kununua Kitale na kuuza Machakos bila karatasi ya mtu. Wengi walidhani bei ya serikali imekufa. Haikufa. Bodi iliendelea kununua, safari hii kwa jina la akiba ya taifa, na kutangaza bei kukaendelea kuwa jambo ambalo mwanasiasa wa Rift Valley hawezi kulikosa.

Foleni

Sasa nikuonyeshe inavyofanya kazi ukiwa chini.

Mahindi yakitoka shambani huwa na maji. Bodi hupokea yenye unyevu usiozidi asilimia 13.5. Mwenye ekari 200 ana mashine ya kukausha, au ana pesa ya kulipia. Mwenye ekari moja huanika kwenye turubai uani, na Novemba kwetu bado mvua hunyesha jioni, kwa hivyo mnaanika asubuhi na kukimbizana na wingu saa tisa. Ukifaulu, unahitaji lori. Lori halibebi magunia kumi. Ukipata majirani wa kuchangia lori, mnaingia kwenye foleni ya depo, na foleni inaweza kulala siku kadhaa, dereva akihesabu pesa yake kila usiku. Kuna miaka unahitaji na fomu iliyosainiwa kuthibitisha kwamba wewe ni mkulima kweli. Na ukishapokelewa, unasubiri malipo.

Januari haisubiri. Shule zinafunguliwa Januari.

Kwa hivyo broka anakuja. Anapima yakiwa na unyevu wake, analipa cash, anaondoka. Wahenga walisema mchumia juani hulia kivulini, ila kwetu anayechuma juani na anayekula kivulini ni watu wawili tofauti. Broka mwenye stoo na lori ndiye anayeweza kukausha, kusubiri na kupanga foleni. Bei iliyotangazwa kwa jina la mkulima inaishia kulipwa aliyenunua kwa mkulima.

Mwishoni mwa 2018 nilikuwa mwaka wa pili chuo kikuu. Mama aliuza magunia 14 kwa broka, kila moja shilingi 1,600. Hiyo ni 22,400. Bei ya serikali wakati huo ilikuwa 2,300, ambayo ingempa 32,200. Tofauti ya karibu 10,000 ndiyo ilikuwa sehemu ya karo iliyobaki na kodi ya chumba changu. Sikurudi muhula ule, wala uliofuata. Sisemi gunia lilinitoa chuo, kulikuwa na mambo mengine nyumbani. Nasema tu kwamba hesabu hiyo niliijua kwa kichwa kabla sijaisoma kwenye ripoti yoyote ya uchumi.

Na kuna kitu kingine ambacho watu wa mjini hawakijui. Wakulima wengi wadogo wa Kenya hununua mahindi zaidi ya wanavyoyauza. Yule aliyeuza Desemba kwa sababu ya karo, Mei yuko sokoni na gorogoro, anayanunua tena kwa bei ya juu. Kwake bei kubwa ya serikali ni pigo mara mbili: hakuipata akiuza, na inamngoja akinunua.

90 bob

Mjini nako kuna ahadi nyingine. Kijijini serikali huahidi mahindi ghali, Nairobi huahidi unga rahisi, na zote mbili hutoka mfuko mmoja.

Mwaka wa uchaguzi wa 2017 ahadi hizo ziligongana. Unga ulipanda hadi watu wakaanza kupima ugali kwa kijiko. Mei, serikali ikatangaza unga wa ruzuku, pakiti ya kilo 2 kwa shilingi 90, na meli yenye tani karibu 30,000 za mahindi kutoka Mexico ikatia nanga Mombasa haraka sana hadi Wakenya wakauliza iling'oa nanga lini. Supermarket zikawa na foleni, na pakiti zikawa zinaisha kabla ya saa nne asubuhi.

Kisha mavuno yakaja, na ili kumtuliza mkulima Bodi ikanunua gunia kwa 3,200, juu kabisa ya soko. Pengo kama hilo ni mwaliko. Wafanyabiashara waliingiza mahindi ya bei rahisi, mengine kutoka nje ya nchi, wakayauza kwa Bodi wakijiita wakulima. Waliolipwa mamilioni walikuwa wachache, huku wakulima wenyewe wakingoja malipo kwa miezi. Mwaka wa 2018 Seneti ikaunda kamati kuchunguza. Unakumbuka mpangilio wa 1943? Tume haikukosa.

Novemba 2018 serikali ikashusha bei hadi 2,300. Wakulima na wabunge wa North Rift wakapiga kelele, na Januari 2019 ikapandishwa hadi 2,500. Magazeti yaliandika kana kwamba vita vimeshindwa au vimeshindikana. Lakini kilichopangwa kununuliwa kilikuwa magunia milioni 2, na nchi ilikuwa imevuna zaidi ya milioni 40. Vita vyote vile vilikuwa juu ya gunia moja kati ya kila 20.

Kutoka gunia hadi mbolea

Mwaka wa 2022 stori ilijirudia upande wa mlaji: Julai, wiki chache kabla ya uchaguzi, unga uliokuwa umepita 200 ukashushwa hadi 100 kwa ruzuku, na baada ya uchaguzi ruzuku ikaisha. Serikali mpya ikasema itasaidia uzalishaji badala ya ulaji. Mfuko wa mbolea wa kilo 50 ukashuka kutoka 6,500 hadi 3,500, kisha mwaka wa 2023 hadi 2,500.

Mimi naliona wazo hilo kuwa bora kuliko bei ya gunia, kwa sababu moja rahisi: mbolea humfaa hata yule asiyeuza. Mwenye nusu ekari akivuna magunia matatu zaidi, hayo matatu hatayanunua Mei. Lakini mbolea ilipitia njia zile zile, depo zile zile, foleni zile zile. Machi 2024 tukasikia kwamba baadhi ya mifuko iliyouzwa kwa ruzuku ilikuwa feki. Mwanya ukiwepo, mjanja haulizi kama ni wa gunia au wa mfuko. Na bei yenyewe haikwenda popote: mwishoni mwa 2023 Bodi ilikuwa inanunua kwa 4,000.

Ndiyo maana siamini kwamba tatizo ni waziri huyu au yule. Mashine iliyotengenezwa 1942 ilikusudiwa kumtafuta mkulima mwenye shamba kubwa, lori na uwezo wa kusubiri, na bado humpata bila shida. Tulibadilisha dereva mara nyingi bila kubadilisha njia inakopita. Kuibadilisha si siri: mashine za kukausha karibu na kijiji, risiti ya ghala ambayo mkulima anaweza kukopea Januari huku mahindi yake yakiwa bado stoo, malipo yanayoingia kwenye simu ya aliyelima. Hayo yote yametajwa miaka mingi, na mengine yameanza kidogo kidogo. Hayapigiwi makofi kwenye mkutano wa hadhara kama namba.

Oktoba ikifika namba itatangazwa tena. Itakuwa kwenye habari za saa moja, kati ya siasa na mpira, na utaisikia ukisonga ugali. Usiulize kama ni kubwa au ndogo. Uliza watanunua magunia mangapi, na watalipa lini.